Magunia Yaliyopanga Nyumba Usagara

Siku mliyoniaga kwa kustaafu mlinipa kipaza sauti niseme machache. Nikaanza kufikiria ni machache yapi. Nilipoyapata, soda zilikuwa zimekwisha na mwenye turubai alikuwa anafungua kamba. Kwa hiyo nayaandika. Kuandika kuna faida moja: mtu anaruhusiwa kufuta.

Nyinyi vijana wa uthamini mnanijua kama Bi Mwanaidi anayerudi kupima chumba alichokwisha kukipima. Nimewasikia mkicheka kwenye korido. Sina kinyongo. Nataka tu mjue tabia hiyo ilinifikisha wapi, maana wahenga waliposema wasiwasi ndiyo akili, nadhani walikuwa wamefanya kazi na mthamini wa nyumba.

Nilitoka chuoni miaka ile ya foleni, ambapo duka lilikuwa na rafu, muuzaji na kalenda ya ukutani, basi. Mimi mzaliwa wa Pangani. Kupangiwa kazi Tanga mjini kulimfurahisha mama kuliko shahada yenyewe. Mimi sikufurahi. Nilikuwa nimekwisha kuwaza kwamba barua ya ajira imekosewa jina, kwamba nikifika wataniuliza fomula niliyoisahau, kwamba viatu vyangu vya raba vitaacha alama kwenye sakafu ya serikali. Viliacha.

Ofisi yetu ilikuwa kwenye jengo la Mjerumani lenye kuta nene. Mkuu wa kitengo alikuwa Bwana Mhina, Mbondei wa Muheza, mrefu, mwenye sauti ya mtu anayesimamia mazishi hata anapoagiza chai.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye msomi tuliyeletewa?"

"Ndiyo. Nadhani."

"Unadhani? Huku mwanangu tunapima." Akatoa futi, ile ya chuma ya kuzungusha kwa mkono, akaniwekea mezani. "Pima ofisi hii."

Nikapima. Upande wa dirishani ulikuwa mrefu kuliko upande wa mlangoni. Nikarudia. Tofauti ikabaki, tena ikazidi kidogo. Nikageuza futi, nikapima kutoka upande wa pili. Nikapiga magoti, nikapima chini kabisa, kisha nikapanda kiti nikapima juu. Saa ya chakula ilipofika nilikuwa kichwani nimekwisha kuandika barua ya kuacha kazi, na nilikuwa nahangaika na aya ya pili.

"Bwana Mhina, ama futi hii ina kasoro ama mimi."

"Ukuta ndio wenye kasoro," akasema bila kuinua macho. "Umepinda tangu ulipojengwa. Kila kijana aliyepita hapa nimempa kazi hiyo. Wote waliniletea jibu kabla chai haijapoa, na wote walisema chumba ni mstatili, kwa sababu chumba huwa mstatili. Wewe umeniletea wasiwasi. Meza yako ile pale."

Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza. Sijapata kupewa sifa kubwa kuliko ile, ingawa ilinichukua mwaka mzima kujua kwamba ilikuwa sifa.

Mambo aliyonifundisha Bwana Mhina hayamo kwenye vitabu, na nyinyi wenye vifaa vya kupima kwa mwanga mtayaona ya kizee. Andika kwa penseli, maana jasho la Tanga haliheshimu wino. Shika sifuri wewe mwenyewe. Anayeshika upande wa pili anaweza kuwa mtu yeyote, lakini sifuri ni yako. Tazama dari kabla ya sakafu, kwa sababu mwenye nyumba aliyejua unakuja amefagia sakafu, ila dari hakuifikia. Usikatae maji ukikaribishwa, hata kama huna kiu. Mtu aliyekupa maji hukuonyesha na chumba kibovu.

Na lamba ukuta.

Mara ya kwanza nilimwona akifanya hivyo Chumbageni, kwenye nyumba mpya iliyopakwa chokaa ikang'aa. Aligusa lipu kwa kidole, akakiweka kidole ulimini, akatafakari kama mwonja mchuzi. "Chumvi," akasema. "Wametumia mchanga wa pwani. Miaka michache tu ukuta huu utatoa jasho na rangi itabanduka kama ngozi ya kenge. Onja."

Nikafikiria kipindupindu, nikafikiria popo, nikafikiria wote walioegemea pale. Nikapangusa kwanza kwa pindo la kanga, kisha nikaonja. Chumvi kweli. Tangu siku ile hakuna ukuta wa mkoa huu uliosalimika na ulimi wangu.

Kazi ngumu ya miaka ile haikuwa kupima. Ilikuwa kuandika. Nyumba huthaminiwa kwa gharama ya kuijenga, na gharama inataka bei ya saruji. Saruji ilikuwa na bei mbili: bei ya serikali, ambayo kwayo hukuipata, na bei ya uchochoroni, ambayo kwayo uliipata lakini kuitaja ilikuwa karibu na kukiri kosa. Ripoti yangu ya kwanza niliiandika mara nyingi. Nikiweka bei ya serikali, nimedanganya. Nikiweka ile nyingine, nitaulizwa nimeijuaje. Usiku nilijiona kizimbani kwa uhujumu uchumi, mama akilia kwa Kidigo.

"Andika 'haipatikani'," akaniambia Bwana Mhina. "Hiyo nayo ni habari ya bei."

Niliandika hivyo. Hakuna aliyenikamata. Ripoti ilirudi imegongwa muhuri, na mimi nikajifunza kwamba namba si kila kitu anachoweza kusema mthamini.

Halafu milango ikafunguliwa. Nyinyi mmekuta dunia yenye bidhaa. Hamwezi kujua ilikuwaje kuona duka la mtaa wa Usagara, hapa mjini, lina betri, sabuni za rangi tatu, na mwenye duka anakuomba uingie. Watu waliingia kutazama tu. Kila penye benchi palikuwa na mjadala: wengine wakisema biashara huria itatuinua, wengine wakisema itatuuza. Bwana Mhina alisema itatufanyia yote mawili, na sisi kazi yetu ni kupima ipi imeingia nyumba ipi.

Nyumba iliyotufikia ilikuwa ya Mzee Sefu.

Mzee Sefu alikuwa mtu wa Mwera, kule Pangani, aliyeijenga nyumba ile ya Usagara kwa nazi zake wakati nazi ilikuwa na heshima. Nyumba ya kipwani kama mnavyozijua: vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma, baraza mbele. Kila chumba na familia yake. Chumba cha mwisho uani alikaa Mama Elia, Mlutheri wa Njombe, ambaye mumewe alikata mkonge mpaka shamba likafunga. Mashamba yalipofungwa walihamia mjini, na Mama Elia akaanza kupika chapati na maharage kwenye ule ua. Makuli wa bandarini walikuja kwa miguu kumfuata. Familia nzima ilisimama juu ya lile jiko, na jiko lilisimama juu ya ule ua.

Kodi ilikuwa ya zamani, iliyopangwa na baraza la kodi za nyumba wakati wa foleni. Mzee Sefu aliomba ipandishwe, na kiwango alichoomba kilikuwa cha kumtoa kila mtu nje. Baraza likataka tathmini ya manispaa. Bwana Mhina akasukuma jalada kutoka meza yake mpaka yangu.

"Mimi?"

"Nimeona Mwanaidi mwingine hapa?"

Nilipokwenda, Mzee Sefu alikuwa kwenye baraza lake ananingoja, kofia imekaa sawasawa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Wewe wa Pangani, nimeambiwa. Basi tutaelewana." Akanipeleka ukumbini, akanyoosha bakora juu. "Tazama hilo bati. Mvua ikinyesha hapa tunahamisha mikeka kama watu wa msafara. Kila kitu kimepanda. Hata chumvi imepanda, na chumvi bahari yatupa bure. Nyumba yangu peke yake ndiyo ikae chini? Soko limefunguliwa, ati. Au limefunguliwa kwa wengine?"

Nikatazama juu, nikaandika kwa penseli. Bati lilivuja kweli. Nyuma yangu Mama Elia alikuwa anasukuma chapati, hakusimama.

"Muulize na mtoto wa mwenzake akalale wapi," akasema, mikono kwenye unga.

"Mama Elia, mimi sijakutaja."

"Umetaja bati, mzee. Chini ya bati kuna nani?"

Mzee Sefu alikuwa ameajiri mthamini wake kutoka Dar es Salaam, kijana mwenye mkoba wa ngozi, na huyo alikuwa amefanya kazi nzuri: ametaja nyumba tatu za mtaa uleule, za vyumba sita vilevile, ambazo zilikuwa zimepangishwa karibuni kwa kiwango kilekile alichoomba Mzee Sefu. Kwa lugha yetu hizo ni nyumba za kulinganisha. Ukiwa na tatu zinazokubaliana, kesi imekwisha. Nikaisoma ripoti yake, nikaona haina pa kushika. Mama Elia angeondoka, na ripoti yangu ndiyo ingemsindikiza.

Mthamini mwenye akili timamu angesaini akaenda kula. Mimi nikaanza kuwaza. Je, kama vipimo si sawa? Je, kama moja haina ua? Je, kama hazipo? Asubuhi nikaenda kuzitazama, huku nikijiambia kwamba najipotezea muda, jambo ambalo hujiambia hata ninapokula.

Nyumba ya kwanza. "Hodi!" Kimya. "Hodi jamani!" Kimya. Mlango umefungwa kwa kufuli kubwa. Nikasema wamekwenda shamba.

Nyumba ya pili. "Hodi!" Kimya. Nyumba ya vyumba sita asubuhi, bila mtoto anayelia, bila kinu, bila mtu wa kusema "karibu" hata kwa uvivu! Nikatazama baraza. Baraza la Usagara hufagiwa na kunyunyiziwa maji kila asubuhi, hata kwenye nyumba yenye msiba. Lile lilikuwa na vumbi ambalo hata paka hakulikanyaga.

Nyumba ya tatu nikabisha mpaka sauti ikakauka. Nikaegemea dirisha kupumzika, na hapo nikaona sisimizi. Mstari mnene, unaingia kwenye ufa wa mbao na mwingine unatoka, wamebeba mizigo kama makuli wa Mama Elia. Kwa mazoea nikagusa kizingiti cha dirisha, nikaweka kidole ulimini, nikingoja chumvi.

Kilikuwa kitamu.

Nikaonja tena. Sukari.

Jirani, mama mtu mzima aliyekuwa anaanika mchele kwenye mkeka, alikuwa ananitazama muda wote akiwa na huzuni, kama mtu anayemwona binti wa watu amerukwa na akili.

"Mwanangu," akasema, "hapo hujibiwi. Hapo wanakaa magunia."

Nilitaka kumkumbatia. Badala yake nikamuuliza magunia ya nani, na akanionyesha kwa kidevu duka la Mzee Rajabali ng'ambo ya barabara.

Mzee Rajabali alikuwa muuza duka wa ukoo wa Kihindi, babu yake alizikwa Tanga na yeye mwenyewe alikuwa na desturi ya kutaja jambo hilo kabla ya kupunguza bei. Nilikuwa nimeandaa njia saba za kumzunguka ili aseme. Hakuhitaji hata moja.

"Ndiyo, zote tatu nimepanga mimi," akasema. "Sukari na bati. Mzigo unashuka, maghala ya bandarini yamejaa hadi mlangoni. Nikiacha sukari nje, mvua itakunywa chai yangu. Kwa hiyo nalipa chochote ninachoambiwa. Mwezi mmoja wa nyumba ni rahisi kuliko gunia moja kulowa."

"Ukijenga ghala lako?"

"Nimekwisha kununua kiwanja, dada yangu. Unafikiri napenda kukaa na panya kwa kodi hiyo?"

Nilirudi ofisini karibu nakimbia. Nikamweleza Bwana Mhina yote, mpaka sisimizi. Alisikiliza, akazungusha penseli yake, akasema, "Basi sema hivyohivyo mbele ya baraza. Mimi nitakaa nyuma."

"Kwa nini nyuma?"

"Ukianguka nikuone vizuri."

Siku ya kusikilizwa shauri, ukumbi ulijaa. Makuli walikuja kwa ajili ya chapati zao, na Mzee Rajabali kwa sababu nilimwomba aje. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mwalimu mstaafu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mthamini wa Dar akasimama, akasoma nyumba zake tatu kwa sauti safi, akamaliza: "Mheshimiwa, soko limesema."

Nikasimama. Nikasema ningependa, kwa ruhusa ya baraza, Mzee Rajabali aulizwe swali moja.

"Mzee Rajabali," akasema mwenyekiti, "nyumba ya kwanza anakaa nani?"

"Sukari, mheshimiwa."

Ukumbi ukacheka. Mwenyekiti akagonga meza. "Ya pili?"

"Bati."

"Na ya tatu?"

"Sukari tena. Ndugu yake na ile ya kwanza."

Makuli wakapiga makofi. Mthamini wa Dar alikuwa ameiva kwenye fani; hakubabaika. "Mheshimiwa, soko haliulizi nani anakaa. Linauliza nani analipa."

Na hapa, vijana wangu, ndipo wasiwasi wa maisha yangu yote ulipolipa. Maana swali hilo nilikuwa nimejiuliza mwenyewe kitandani, njiani, na mbele ya sahani ya ugali, mpaka nikachoshwa na majibu yangu.

"Soko la nini?" nikamuuliza. "Mheshimiwa, baraza hili limeombwa kodi ya nyumba ya kuishi. Kibali cha nyumba ya Mzee Sefu ni cha makazi. Nyumba hizi tatu si soko la makazi. Ni soko la ghala lililokosa mahali, likajibanza kwenye vyumba vya watu kwa sababu mizigo imewahi kufika kabla ya maghala. Ghala la Mzee Rajabali likisimama, magunia yatahama siku moja na hayataaga. Tukipanga kodi ya watu kwa kipimo cha magunia, watu watatoka leo, magunia yatatoka kesho, na Mzee Sefu atabaki na vyumba sita na sisimizi." Nikavuta pumzi. "Nimetembelea nyumba zinazokaliwa na watu, mtaa huu na wa pili. Kodi zake zimepanda pia. Naomba ya Mzee Sefu ipande ifike hapo. Na bati lirekebishwe kwanza, maana kodi hiyo ni ya nyumba isiyovuja."

Mzee Sefu akainuka na bakora yake. "Kwa hiyo mheshimiwa, sukari ina uwezo kuliko mwanadamu?"

"Kwa sasa ndiyo, mzee," akasema mwenyekiti. "Lakini sukari haina watoto wa kupeleka shule, na mimi sikuwekwa hapa kwa ajili yake."

Uamuzi ukafuata nilivyoomba, mpaka neno la bati. Mama Elia hakulia wala hakupiga vigelegele. Alinishika mkono kwa mkono wenye unga, akageukia makuli: "Mnangoja nini? Mpaka maharage yaungue?" Kisha, alipopita mbele ya Mzee Sefu, akasema kwa heshima zote, "Mzee, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Gunia ungelipa jembe?"

Mzee Sefu alinuna mpaka mlangoni. Mlangoni akacheka.

Bwana Mhina aliningoja nje. "Hukuanguka," akasema, kama aliyepoteza muda wake. Kisha akafungua mkoba, akatoa ile futi ya chuma ya siku yangu ya kwanza, akanipa. "Mimi natumia ile fupi sasa. Mgongo."

Ghala la Mzee Rajabali lilisimama kabla ya masika ya pili, na wenzake nao wakajenga. Magunia yakahama mtaani. Nyumba zile tatu zikabaki na sakafu zilizopasuka kwa uzito na panya walioshiba, na wenye nyumba wakaanza kutafuta wapangaji kwa taa. Asubuhi moja Mzee Sefu akaingia ofisini kwetu, akakaa bila kukaribishwa.

"Binti, mtaa mzima ule, nyumba iliyojaa ni yangu tu. Bati jipya, kodi nalipwa, na chapati nala mlangoni. Nina nyumba nyingine Pangani, nataka ithaminiwe." Akatazama meza ya Bwana Mhina, kisha yangu. "Huyu anayelamba kuta. Mwingine simtaki."

Niliithamini. Nikarudia kuipima.

Juma lililopita, wakati bado nafikiria maneno ambayo ningewaambia kwenye kipaza sauti, nilipita Usagara kwa miguu. Nyumba ya tatu, ile ya sukari, imepakwa rangi ya kijani. Baraza limefagiwa, maji yamenyunyizwa, bado yana alama za ufagio. Nilisimama nikawaza: nikibisha, nitasema nimekuja kwa sababu gani? Mstaafu hana jalada. Nikatafuta sababu, sikupata.

"Hodi!" nikaita.

Na kutoka ndani, kutoka ukumbini, kutoka uani, sauti zaidi ya moja zikajibu kwa pamoja, moja ikiwa na mtoto anayelia nyuma yake:

"Karibuuu!"